Hopsi za George: kisa cha kampuni ya bia iliyoamua kulima uchungu wake yenyewe

Mei 2017 wenye viwanda vidogo vya bia nchini Marekani walipata habari iliyowakasirisha. Hopsi za Afrika Kusini, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, walizokuwa wakizisubiri msimu ule hazingekuja. Miezi saba kabla yake, Oktoba 2016, kampuni kubwa ya bia ya AB InBev ilikuwa imekamilisha ununuzi wa mshindani wake SABMiller, na ndani ya ununuzi huo ikaipata South African Breweries (SAB) pamoja na mashamba yake ya hopsi yaliyo karibu na mji wa George, mkoa wa Western Cape. Kampuni ikaeleza kwamba mavuno ya mwaka huo yalikuwa haba, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hopsi zilizopatikana zingetumika nyumbani, kwenye Castle Lager na Castle Lite. Ya kuuza nje hakuna. Muagizaji mmoja wa Marekani, ZA Hops, aliyeijenga biashara yake juu ya hopsi hizo, akabaki mikono mitupu.

Lawama zikaanza kumiminika. Siku chache tu kabla, AB InBev ilikuwa imetangaza kuinunua Wicked Weed, kiwanda cha Asheville, North Carolina, kilichopendwa sana na wapenzi wa bia za viwanda vidogo, kwa hiyo hasira zilikuwa juu tayari. Watu wakasema jitu limewafungia wadogo mlango. Ubishi ule nimeufuatilia kwa makini, na naona wabishi wengi waliingilia kisa hiki mwishoni. Kinachostahili kuchambuliwa kwanza ni jambo la ajabu zaidi: ilikuwaje George, mahali ambapo hopsi za kawaida haziwezi kuzaa vizuri, pakawa na hopsi za kugombaniwa? Na aliyefanya zizae pale alipata nini mkononi mwake?

Mmea unaohesabu mwanga

Hopsi ni mmea unaopanda, wa ukoo mmoja na bangi. Mzizi wake hukaa ardhini miaka 20 na zaidi, lakini mashina hufa kila mwaka na kuchipua upya baridi inapoisha. Mkulima husimamisha nguzo, akavuta waya juu kwa kimo cha mita 5 au 6, kisha akashusha kamba hadi kwenye shina. Mmea hujizungusha kwenye kamba na kupanda. Maji yakitosha na joto likiwepo, unaweza kuongeza sentimita 30 kwa siku moja. Kuna miche dume na miche jike, na shambani hutakiwa jike peke yake, maana ndiyo hutoa maua ya kijani yenye magamba laini yaliyolaliana.

Chukua ua moja ulipasue katikati kwa vidole. Chini kabisa ya kila gamba, pale linaposhikana na kijiti, kuna unga wa manjano unaonata. Usugue kiganjani: unaacha mafuta, na harufu yake ni ya majani mabichi, ya ganda la chungwa, mara nyingine ya kitunguu. Kiwanda cha bia hugharimia shamba zima kwa ajili ya unga huo. Ndani yake mna asidi za alfa, ambazo zikichemshwa kwa muda wa saa moja hivi pamoja na maji ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, hugeuka na kuwa ule uchungu unaosikika ulimini. Mna pia mafuta ya harufu. Uchungu hukata utamu wa kimea, na huzuia baadhi ya bakteria wanaochachusha bia na kuiharibu.

Tatizo la George ni mwanga. Hopsi hufuata urefu wa mchana na usiku. Siku zikiwa ndefu, mmea hupanda tu. Siku zikianza kupungua, huacha kupanda na kuanza kutoa maua. Kule Hallertau, Bavaria, ambako ndiko kitovu cha hopsi za Ujerumani, mchana wa mwezi Juni hupita saa 16. Bonde la Yakima, jimbo la Washington, ambako Wamarekani hulima sehemu kubwa ya hopsi zao, hukaribia saa 16. Aina za Ulaya na Marekani zimezoea hesabu hiyo. George iko digrii 34 kusini mwa ikweta, na siku yake ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, haifiki saa 14 na nusu. Mche wa Kizungu ukipandwa pale huona siku fupi tangu mwanzo wa msimu. Unadhani majira ya kuzaa yamefika, unatoa maua ukiwa bado mfupi, na maua yenyewe ni ya kuhesabika.

Mtu atauliza: kwa nini wasihamie kusini zaidi? Hakuna kusini zaidi. Cape Agulhas, ncha ya mwisho ya bara letu, iko karibu digrii 35; baada ya hapo ni bahari. Anheuser-Busch ya Marekani ilipotaka shamba lake yenyewe ilikuwa na nafasi ya kuchagua: mwaka 1987 ilianzisha Elk Mountain Farms huko Bonners Ferry, Idaho, karibu kabisa na mpaka wa Kanada, kwa sababu pale mwanga unakaribiana na ule wa Hallertau. Afrika Kusini haikuwa na nafasi hiyo. George ndiyo ilikuwa na unafuu: milima ya Outeniqua inanasa mvua ya kutoka baharini, na mabonde ya nyuma yake, kama Waboomskraal, yana baridi ya kutosha wakati wa kipupwe kuulaza mzizi. Udongo, maji na baridi vilipatikana. Mwanga ndio haukutosha.

Taa, kisha mbegu

South African Breweries ilianzishwa mwaka 1895, kwa kiu ya wachimba dhahabu wa Johannesburg. Kwa miongo kadhaa ilitegemea hopsi za kuagizwa kwa meli, sawa na mshindani wake wa Cape Town, Ohlsson's Cape Breweries. Katika miaka ya 1930 mahasimu hao wawili waliweka ushindani pembeni wakaunda kampuni ya pamoja ya kulima, Union Hop Growers. Mwaka 1956 SAB iliinunua Ohlsson's yenyewe pamoja na mshindani mwingine, Chandlers, na mashamba yakawa chini ya mwavuli mmoja.

Hatua ya ushirikiano huo haitajwi sana, lakini naiona ya busara kubwa. Kiwanda kimoja peke yake kingechoka. Shamba la hopsi hudai fedha zote mwanzoni: nguzo, waya, mabomba ya maji, mashine ya kuchumia, jengo la kukaushia, chumba cha baridi. Mwaka wa kwanza mmea hutoa kidogo mno, na huchukua kama miaka mitatu kufikia mavuno kamili. Mitambo yenyewe hufanya kazi wiki chache kati ya Februari na Machi, halafu hukaa hadi mwaka unaofuata.

Na mavuno yakishafika hayangoji. Shina zima hukatwa pamoja na kamba yake, hupakiwa kwenye trela, hutundikwa kwenye ndoana za mashine inayoyapukuchua maua na kupepeta majani. Ua lililotoka shambani ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Likikaa kwenye rundo linapata joto na kuoza. Kwa hiyo hupelekwa moja kwa moja kwenye kukausha, kazi ambayo mkulima wa tumbaku wa Tabora angeitambua mara moja kwa jinsi inavyofanana na ya bani, jengo lake la kukaushia tumbaku: hewa ya moto ya nyuzi 60 hivi hupitishwa chini ya tabaka la maua, na mtu mzoefu huliangalia usiku kucha hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 10 au chini yake. Ukikosea hapo, moto ukazidi, mafuta ya harufu yanapotea. Ukipungua, mzigo unaota ukungu ghalani. Kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja kavu.

Suluhisho la kwanza la mwanga lilikuwa taa. Wakulima wa George walitundika taa za umeme juu ya mashamba ili kuurefusha mchana kwa nguvu, mmea uendelee kupanda hadi ufike kwenye waya wa juu ndipo taa zizimwe na maua yaanze. Msomaji wa Kenya hatashangaa. Anayepita Naivasha usiku huona mashamba ya maua yaliyowashwa taa kwa sababu inayofanana, hasa ya hypericum, ambayo nayo hudai siku ndefu. Njia hiyo inafanya kazi. Lakini maua ya Naivasha huuzwa kwa shina huko Ulaya na bei yake inaweza kubeba umeme. Hopsi ya uchungu ni bidhaa ya tani, inashindana na ya Hallertau ambayo mkulima wake anapewa mwanga bure na jua. Kila msimu wa taa ulikuwa gharama iliyorudi upya, bila kukiachia kizazi kijacho chochote.

Suluhisho la pili lilichukua muda mrefu zaidi, na hilo ndilo lililoamua kisa. Badala ya kuulazimisha mmea wa Kizungu uone siku ndefu, waliamua kutafuta mmea unaoridhika na siku fupi. Kazi ya kuzalisha aina mpya ya hopsi haina njia ya mkato. Unachukua chavua ya dume, unaipaka kwenye maua ya jike, unakusanya mbegu. Kila mbegu ni mtoto wa peke yake, hafanani na nduguze. Unapanda maelfu, unang'oa karibu wote: huyu ana ugonjwa, huyu hazai, huyu anazaa lakini uchungu hana. Wachache wanaobaki unawazidisha kwa vipandikizi ili wawe nakala halisi, unawajaribu msimu baada ya msimu, unapika bia nao, na miaka 10 au zaidi imepita kabla hujathubutu kumpa mkulima mche mmoja. Kwa George kigezo cha juu kilikuwa kimoja: uzae kwa wingi chini ya mchana wa saa 14, bila taa.

Aina ya kwanza yenye maana ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaitwa Southern Brewer. Ilitokana na mbegu za Fuggle, hopsi ya zamani ya Uingereza. Ikafuata Southern Promise mwaka 1992, kisha Southern Star mwaka 2001, yenye uchungu mwingi zaidi. Hapo taa zikakosa kazi. Mashamba ya eneo hilo hayajawahi kuwa makubwa, jumla yake ni chini ya hekta 500, wakati Hallertau peke yake ina zaidi ya 15,000. Lakini sasa kampuni ilikuwa na kitu ambacho hakipo Bavaria wala Yakima: hopsi zilizozaliwa kwa ajili ya latitudo ile.

Hesabu ya chupa

Watu wengi wanaosikia kwamba kiwanda kinalima hopsi zake hudhani lengo ni kupunguza gharama. Tupige hesabu tuone.

Tuchukue laga ya kawaida, bia nyepesi kama Castle Lager, yenye uchungu wa vipimo 20, maana yake miligramu 20 za asidi zilizogeuka katika kila lita. Kwenye pipa la kuchemshia, ni kama theluthi moja tu ya asidi za alfa inayoishia ndani ya bia. Nyingine hubaki kwenye mashapo na povu. Kwa hiyo lita 100 zinahitaji gramu 6 au 7 za asidi za alfa. Hopsi yenye asilimia 10 ya asidi hizo, basi, ni gramu 65 hivi za maua makavu. Hekta moja ikitoa tani moja na nusu, inatosha kutia uchungu zaidi ya lita milioni 2 za bia, yaani chupa za nusu lita zaidi ya milioni 4.

Sasa linganisha na shayiri. Bia hiyo hiyo, kwa kilo 15 za kimea kila lita 100, inataka karibu tani 345 za kimea, ambazo ni tani 430 hivi za shayiri. Shamba likitoa tani 3 kwa hekta, unahitaji zaidi ya hekta 140. Hekta moja ya hopsi kwa hekta 140 za shayiri. Ndiyo maana kampuni za bia za kwetu huhangaika na wakulima wa shayiri wa Narok, Monduli na West Kilimanjaro, na mtama wa wakulima wadogo, lakini hopsi huagizwa bila mtu kuumia kichwa. Katika gharama ya chupa moja hopsi ni senti.

Basi kama si gharama, ni nini? Ni uhakika wa kupata. Hopsi ni kidogo, lakini bila hicho kidogo mtambo wote unasimama. Soko la dunia la hopsi lina tabia ya kulala miaka mingi likiwa na ziada, wakulima wakang'oa mizizi kwa kukata tamaa, halafu likaamka ghafla na upungufu. Lilifanya hivyo mwaka 2007 na 2008. Mashamba yalikuwa yamepunguzwa kwa miaka, ghala kubwa la Yakima lilikuwa limeungua Oktoba 2006 na kuteketeza sehemu ya mavuno ya Marekani, na mvua ya mawe ikapiga mashamba ya Ulaya 2007. Bei zikapaa mara kadhaa, na viwanda vidogo visivyo na mikataba vikabaki vikiomba. Katika miaka hiyo ndipo Rogue ya Oregon ilipoanza kulima hopsi zake, na Sierra Nevada ya Chico, California, ikaanza kutoa bia iliyotengenezwa kwa hopsi na shayiri ya shamba lake yenyewe. SAB ilikuwa imeshalima kwa miongo saba. Mwenye shamba la George halipi kwa dola wakati randi imeanguka, wala hasubiri meli.

Hiyo ndiyo faida halisi, na ni kubwa. Ila ina upande wake wa pili: mwenye kutegemea bonde moja hutegemea pia hali ya hewa ya bonde moja. Kampuni inayonunua Hallertau, Yakima na Slovenia hupata mvua ya mawe mahali pamoja na kuvuna vizuri kwingine. George ikipata msimu mbaya, hakuna George ya pili.

Turudi 2017

Miaka michache kabla ya ugomvi, kazi ya uzalishaji wa mbegu ilikuwa imegeukia harufu. Zilitoka aina kama Southern Passion, yenye harufu ya pasheni na pera, na African Queen, ambazo hazifanani na kitu chochote cha Yakima. Viwanda vidogo vya Marekani huishi kwa kutafuta harufu ambayo jirani hana, kwa hiyo zikashika haraka. Hivi navyo hutumia hopsi kwa mkono mpana: wakati laga inaridhika na chini ya gramu moja kwa lita, bia zao hula gramu 5, hata 10.

Je, kampuni ilisema kweli kuhusu mavuno? Mimi sioni sababu ya kuikatalia. Western Cape ilikuwa imeingia kwenye ukame ule ulioifikisha Cape Town, mwanzoni mwa 2018, kuhesabu siku zilizobaki kabla mabomba hayajafungwa. Msimu mbaya wa hopsi katika miaka hiyo si jambo la kushangaza. Na kwa maelezo ya kampuni, kilichokuwa kikiuzwa nje tangu zamani kilikuwa kiasi kidogo, kilichobaki baada ya bia zake kushiba. Mavuno yakipungua, ziada ndiyo huisha kwanza.

Lakini waliolalamika nao walikuwa na hoja, ingawa wengi waliiweka vibaya. Mwenye kiwanda anayetengeneza bia kwa kufuata harufu ya aina moja hawezi kubadilisha aina kama mpishi anavyobadilisha kitunguu. Katika biashara ya kawaida ya hopsi angefunga mkataba na mkulima miaka mitatu au minne mbele, na mkulima akikosa angekwenda kwa mkulima mwingine mwenye aina hiyo hiyo. Kwa hopsi za George hapakuwa na mkulima mwingine. Mashamba ya kampuni ni ya kampuni, wakulima binafsi wa bonde hilo huiuzia kampuni, na miche iko mikononi mwa kampuni.

Na hao wakulima binafsi ndio ningependa tuwafikirie zaidi kuliko Wamarekani. Mnunuzi wao ni mmoja. Miaka 40 nyuma mnunuzi huyo alikuwa Johannesburg, mtu wa kufikiwa kwa simu, mwenye sababu zote za kutaka George isimame. Baada ya Oktoba 2016 makao makuu yake yako Leuven, Ubelgiji, na kampuni hiyo hiyo inamiliki mashamba Idaho na Bavaria. Serikali ya Afrika Kusini iliona hatari hiyo. Miongoni mwa masharti ya kuruhusu ununuzi, AB InBev ilikubali kutoa randi bilioni 1 kwa miaka mitano, ikiwemo kuendeleza kilimo cha ndani cha mazao ya bia. Ni sharti jema. Hata hivyo halimpi mkulima wa Waboomskraal mnunuzi wa pili. Ile ziada iliyokuwa ikivuka bahari, hata kama ni kidogo, ilikuwa mwanzo wa soko la pili, na ilipokatwa, aliyepoteza kwa muda mrefu ni mkulima na jina la hopsi zake, hata kama baadaye hopsi hizo zilionekana tena kwenye maghala ya nje.

Hapa kuna ulinganisho ambao kwangu ndio kiini cha kisa. Karibu wakati ule ule Southern Brewer ilipotoka, mwaka 1972, Marekani ilitoa aina iitwayo Cascade. Nayo ina damu ya Fuggle, kama Southern Brewer. Lakini Cascade ilizalishwa kwa fedha za umma, na watafiti wa Wizara ya Kilimo wakiwa Oregon, ikaachiliwa kwa kila anayetaka kuipanda. Mwaka 1980 Sierra Nevada ilipotoa Pale Ale yake, hopsi iliyoibeba ilikuwa Cascade, na tasnia nzima ya viwanda vidogo vya Marekani ikakulia juu ya hopsi hiyo. Hakuna aliyeweza kuamka siku moja akasema Cascade haiuzwi nje ya bia zangu. Aina mbili zenye nasaba inayokaribiana, za kizazi kimoja, zikafuata njia mbili kwa sababu ya nani alilipa mshahara wa mzalishaji. SAB haikukosea, ililipa yenyewe, ikamiliki yenyewe, na bila fedha zake pengine George isingekuwa na hopsi hata leo. Lakini mgogoro wa 2017 ulipandwa siku ile, na ulihitaji tu msimu mbaya mmoja ili uchipue.

Na huku kwetu?

Swali hili huulizwa kila mara viwanda vidogo vya bia vya Nairobi, Arusha na Dar vinapopata bili ya kuagiza. Mnywaji wa Castle Lager wa Tanzania tayari ameunganishwa na kisa hiki: SAB iliingia Tanzania Breweries mwaka 1993, na leo TBL iko ndani ya AB InBev. Kama George iliweza, kwa nini Lushoto au Mbeya zishindwe?

Kwa sababu ya mwanga ule ule, na zaidi. Nairobi mchana ni saa 12 mwaka mzima. Mbeya, digrii 9 kusini, mwezi Desemba haifiki saa 13. Hata Southern Brewer, iliyozaliwa kwa saa 14, ingejiona imepunjwa. Halafu hakuna kipupwe cha kuulaza mzizi kama kule Outeniqua. Milima yetu ina baridi ya usiku, lakini haina majira marefu ya baridi. Taa zinaweza kusaidia. Wakulima wa Brazil, walio karibu na ikweta kuliko George, wamekuwa wakilima hopsi chini ya taa za LED miaka ya karibuni, na kwa kuwa huko hakuna baridi ya kuwapangia majira, wanaweza kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka. LED hula umeme kidogo sana kuliko balbu za zamani za George, kwa hiyo hesabu ya gharama imebadilika. Kwa kiwanda kidogo kinachouza bia ya bei ya juu na kutaka maua mabichi ya harufu, ambayo hayawezi kusafirishwa kutoka Ulaya, naona jaribio linalofaa. Kwa kiwanda kikubwa cha laga, hesabu ya hekta moja kwa chupa milioni 4 inaonyesha kwamba fedha hizo zina kazi bora kwenye shayiri na mtama.

Tena tusisahau kwamba uchungu wa pombe haukuletwa na meli. Wachagga huutia mbege uchungu kwa gome la msesewe, mti wa milimani Kilimanjaro. Waethiopia hutumia majani ya gesho kwenye tela. Hiyo ni mimea iliyokwisha kuzoea mwanga wa hapa bila mzalishaji yeyote kuihangaikia, na nashangaa kwamba maabara za bia hazijaisogelea kwa bidii ile ile ambayo SAB iliisogelea Fuggle.

Lakini kama ni hopsi, basi hatua ya kwanza isiwe kununua miche kutoka popote na kuipanda. Mistari michache chini ya taa, kwenye mwinuko, ikiwa na aina za umma kama Cascade, ingeonyesha ndani ya misimu mitatu kama mmea unafika kwenye waya na kama asidi za alfa zinapimika. Ikionekana kuna dalili, kazi ya mbegu ndiyo itaanza, ile ya maelfu ya miche na miaka 10 ya kung'oa. Kazi hiyo ningependa kuiona chini ya taasisi za umma za utafiti wa kilimo, KALRO kwa Kenya na TARI kwa Tanzania, viwanda vikichangia ada kwa pamoja kama Ohlsson's na SAB walivyochanga miaka ya 1930, na mkataba uandikwe kabla ya mbegu ya kwanza kuota: aina itakayotoka iwe ya umma, na mkulima awe huru kumuuzia yeyote atakayekuja na bei.